Phelista wa Kitale, asomaye damu ndani ya yai

Ni saa tatu asubuhi mjini Kitale. Jua limekwisha kukolea barabarani, lakini Phelista Nasimiyu yuko gizani. Amejifungia katika chumba kidogo nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo, amevuta pazia la magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, na amewasha tochi iliyochomekwa ndani ya kipande cha bomba. Mkono wake wa kushoto unachukua yai kwenye trei, unaliweka juu ya mwanga, unaligeuza kidogo na kulirudisha. Hakuna yai linalokaa mkononi kwa zaidi ya sekunde tatu.

"Hii iko sawa," anasema. "Hii pia. Hii ni maji tu. Hapa jogoo alidanganya."

Anacheka peke yake, analitenga yai hilo la maji, lisilo na mbegu, na kuendelea. Kazi yake ni kumulika mayai yaliyomo kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, ili kujua lipi lina uhai na lipi ni viza. Kwa wiki hupitia mayai kama elfu moja na mia mbili.

Mgeni akisimama karibu naye, yeye humkabidhi yai moja alitazame kwa utulivu. Ganda linang'aa kama taa ya chungwa. Katikati kuna nukta nyeusi, na kutoka kwenye nukta hiyo mishipa midogo myekundu imesambaa pande zote.

"Sisi tunaita buibui," anaeleza. "Hii ina siku nne. Hiyo nukta ni jicho. Na hiyo damu unaona, si ile atatoka nayo. Itabadilishwa."

Analisema hilo kwa sauti ya mtu anayekutajia bei ya kopo la gorogoro la mahindi. Hata hivyo, ni jambo lililomchukua zaidi ya miaka ishirini kulijua, na kabla hajalijua lilikuwa limemgharimu mtoto.

Phelista ana umri wa miaka hamsini na minne. Alizaliwa karibu na soko la mji mdogo uitwao Kwanza, kaunti ya Trans-Nzoia, akaolewa Kabuchai, kaunti ya Bungoma, na huko ndiko kwake mpaka leo, ingawa mumewe alifariki. Katikati ya wiki hulala katika chumba cha kupanga mjini Kitale. Jumamosi mchana hurudi Kabuchai, na Jumatatu mapema yuko kazini tena. Mshahara wake ni shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, na mayai yote ya maji ni yake akiyataka, ingawa anasema ameyala hadi ameyachoka.

Alianza miaka kumi na moja iliyopita kama mfagiaji. Aliyekuwa akimulika mayai alipata kazi Eldoret akaondoka bila kuaga, na mwenye duka akamwita mfagiaji ajaribu. Julai ya kwanza alifanya kosa ambalo bado hutaniwa nalo.

Kitale iko nyanda za juu, na baridi ya Julai hapa haina mzaha. Phelista aliikuta mashine ina matundu pande mbili, na upepo unapenya. Akafanya kile ambacho mama yeyote wa Kabuchai angekifanya kwenye nyumba yenye watoto wachanga: alichukua matambara akaziba kila tundu, kisha akaenda zake akiwa ameridhika. Siku ya ishirini na moja vifaranga mia tano na ushei walikutwa wamekufa ndani ya maganda, manyoya yameshaota, midomo imeshageukia upande wa kutokea. Walikuwa wamekosa hewa.

"Mimi nilifunga virago," anakumbuka. "Nilijua hapa hakuna kazi tena."

Mwenye duka ni Mohinder Singh, mzee wa miaka sabini aliyezaliwa papa hapa Kitale. Alimkuta amesimama mlangoni na mfuko wake, akamwambia arudi ndani.

"Yeye alikuwa amejifunza kwa mayai yangu," anasema Mohinder, akicheka chini ya ndevu. "Nikimfukuza, si nitakuwa nimelipa karo ya mtu ambaye ataenda kufanyia mwingine kazi? Nilimwambia, mama, huyu kifaranga anapumua kupitia ganda. Anataka hewa kama wewe."

Kuanzia siku hiyo Phelista alikuwa akijua kwamba ndani ya yai kuna kiumbe kinachohitaji hewa. Namna hewa hiyo inavyobebwa alikuja kuijua baadaye.

Zaidi ya miaka miwili iliyopita, dukani aliingia msichana mwenye miwani na koti jeupe alilolikunja kwapani. Anaitwa Lorna, na wakati huo alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika sayansi ya mifugo. Utafiti wake ulihusu damu ya vifaranga wa kienyeji kabla hawajatotolewa. Alitaka mayai ya siku tatu, ya siku tano, ya siku saba, ya siku kumi na mbili na ya siku kumi na nane, na alitaka mtu wa kumhakikishia kwamba kila yai lina uhai.

Mtu huyo akawa Phelista. Kwa miezi mitano alimchagulia mayai kila Alhamisi, na mwanzoni aliifanya kazi hiyo kwa kinyongo.

"Nilimwambia wazi. Nilisema, mwanangu, mimi kazi yangu ni kutoa vifaranga, wewe kazi yako ni kuvunja. Si sisi wawili tutagombana?"

Lorna hakukasirika. Alimwita mezani, akamwonyesha jinsi anavyofungua ganda kwa taratibu na kuvuta tone la damu kwa sindano nyembamba ya kioo. Matone hayo aliyapeleka kwenye maabara ya chuo. Wiki mbili baadaye alirudi na picha kwenye simu.

"Ilikuwa mistari mistari, kama kitenge imefuliwa mpaka rangi ikaisha," anasema Phelista. "Akaniambia, mama, hii ni ya siku tano, hii ya siku saba, hii ya kumi na mbili. Nikaangalia. Kuna mistari inaanza na nguvu halafu inafifia. Kuna ingine haikuwa, halafu inakuja, inakuja, inashika."

Mistari hiyo ni aina za himoglobini, ile protini nyekundu iliyomo kwenye chembe za damu, inayobeba oksijeni na kuipeleka mwilini. Watu wengi hudhani damu ni damu, ikishaumbwa imeumbwa. Kumbe kifaranga huanza na aina yake ya kwanza mapema sana, siku ya pili tu, pale kwenye kiini cha yai, kabla hata hajawa na umbo la ndege. Damu hiyo humfikisha siku ya tano hivi. Hapo chembe mpya huanza kuingia kwenye mishipa zikiwa na himoglobini za aina nyingine, zile atakazokuwa nazo akiwa kuku mzima. Ikifika siku ya kumi na mbili, zile za mwanzo zimebaki chache mno. Tena kuna aina nyingine ndogo ambayo huonekana akikaribia kutotolewa, ikaandamana naye hadi nje ya ganda, kisha ikapotea akiwa na umri wa wiki chache.

Yote hayo hutokea ndani ya siku ishirini na moja, na ukimulika yai kwa tochi yoyote utaona wekundu uleule tangu mwanzo hadi mwisho.

"Nikamwuliza, sasa kwa nini Mungu asimpe moja tu aende nayo? Akasema, mama, maisha yake yanabadilika. Mwanzo hana mapafu, hewa inapita kwa ganda. Baadaye anatoka anavuta mwenyewe. Kila wakati na damu yake. Halafu akasema hata wao wasomi kuna mengi bado wanatafuta. Hapo nilimpenda, kwa sababu hakujifanya."

Jambo lililofuata Lorna alilitaja kwa kupita tu, huku akipanga vichupa vyake kwenye boksi. Alisema hata mtoto wa binadamu hufanya hivyohivyo.

Phelista alikuwa ameshika trei ya mayai thelathini. Aliiweka chini.

"Nikamwuliza, lini? Akasema ile ya tumboni anazaliwa nayo, halafu inapungua, inapungua, mpaka mwezi wa sita hivi ile ya ukubwa imeshika karibu yote. Nikatoka nje. Nikakaa juu ya gunia za chakula ya kuku. Mohinder alifikiri presha imenipanda."

Haikuwa presha. Alikuwa amemkumbuka Wepukhulu.

Wepukhulu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alibatizwa Jotham, na kwa miezi sita alikuwa mtoto ambaye kila mtu aliomba ambebe: mnono, mwenye mikunjo hadi mapajani, anayecheka na wageni. Mwezi wa saba alianza kulia. Vidole vya mikono na miguu vilivimba, na hakutaka kuguswa.

Katika boma lile, mtoto akilia bila kunyamaza, wanawake wazee humzunguka na kutaja majina ya jamaa waliofariki, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo la yule anayetaka akumbukwe. Wakataja, wakataja. Walipofika kwenye jina la Wepukhulu, babu wa mumewe, mtoto akatulia. Jogoo akachinjwa, jina likatolewa, na watu wakala wakafurahi.

Baada ya siku chache uvimbe ulitoweka. Miezi miwili baadaye ukarudi, naye akapewa jina jingine. Kabla hajafika miaka miwili alikuwa na majina matatu.

"Kila jina ilimtuliza," anasema Phelista, na hapa tochi ameizima. "Hiyo ndio ubaya wake. Kama jina moja lingekataa, labda tungetafuta njia ingine. Lakini ule uchungu unakuja na unaenda wenyewe. Sisi tukafikiri ni jina limefanya kazi."

Alifariki akiwa na miaka mitatu na miezi minane, baada ya malaria iliyommalizia damu. Ni katika siku zake mbili za mwisho ambapo daktari aliutaja ugonjwa wenyewe: selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe za damu zikafanana na mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo. Wazazi hawakuelewa. Swali moja lilimkaa Phelista kooni miaka yote hiyo: ikiwa ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, kwa nini miezi sita ya mwanzo mtoto alikuwa mzima vile? Alijishuku mwenyewe. Alifikiri pengine alimlisha kitu, au alimwachia mtu mwenye jicho baya.

Jibu alilipata juu ya magunia ya chakula cha kuku. Ile himoglobini ya tumboni haina kasoro, na ndiyo iliyomlinda mtoto. Kasoro ilikuwa kwenye ile iliyokuja baadaye.

"Sisi tulikuwa tunabadilisha jina," anasema, "na kinachobadilika ni damu."

Hataki mtu adhani anadharau mila. Yeye mwenyewe ana jina la bibi yake na analipenda. "Jina si makosa. Makosa ni kuita jina halafu mtu akae."

Baada ya mazishi, mama mkwe wake alikataza mtoto yule asitajwe tena, ili asiwasumbue watakaofuata. Mwaka uliofuata alizaliwa Wakoli, akakua akiitwa kifungua mimba, na hakuna aliyemsahihisha. Ukweli ni kwamba Phelista alizoea kunyamaza, na mazoea hayo ndiyo yaliyokaribia kumponza mara ya pili.

Wakoli sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kabuchai. Alimwoa Lenah, binti kutoka Naitiri, na miezi kumi na minne iliyopita wakapata mtoto wa kike, Nakhumicha. Alikuwa mnono na mcheshi. Wengine walipokuwa wakimshangilia, Phelista alikuwa akihesabu miezi.

Alijua kwamba kipimo kipo, na kwamba mtoto anaweza kupimwa akiwa mchanga, kabla damu ya tumboni haijaisha na maumivu hayajaanza. Alijua pia kwamba akigundulika mapema kuna dawa za kumkinga. Mtoto alipotimiza miezi miwili alimwambia Lenah ampeleke. Lenah akauliza sababu. Phelista akajibu kwamba ni vizuri tu.

Mwezi wa tatu akarudia. Mwezi wa nne akarudia tena, mara hii mbele ya wageni.

Lenah hafichi jinsi alivyolipokea. "Nilikasirika, bana. Ati apimwe, apimwe, na mtoto hata homa hana! Nikauliza jirani, akaniambia hiyo ugonjwa inatoka kwa damu ya ukoo. Nikasema, aha! Kumbe huyu mama anatukana watu wetu wa Naitiri. Si aseme tu?"

Wakoli, aliyekuwa katikati, alifanya wanachofanya wanaume wengi mama na mke wakitunishiana misuli: alikumbuka kuwa ana madaftari ya kusahihisha. Wapiganapo fahali wawili nyasi ndizo huumia, na nyasi hapa ilikuwa imebebwa mgongoni inanyonya kidole.

"Nilikuwa nikifika Jumamosi, naambiwa mtoto amelala," anasema Phelista. "Kila Jumamosi mtoto amelala. Nikasema huyu mtoto analala kama chatu."

Anacheka, lakini macho hayamo kwenye kicheko hicho.

Nakhumicha alipoingia mwezi wa sita, Lenah alifika Kitale mwenyewe. Hakuja kusuluhishwa. Alikuwa ameagiza vifaranga hamsini, na kwa mkwewe walipatikana kwa bei ya wafanyakazi. Ugomvi ni ugomvi, na vifaranga ni vifaranga. Aliingia na mtoto mgongoni, akasalimia kwa adabu yake yote, akauliza boksi liko wapi.

Phelista alimwomba aingie chumbani kwanza. Akavuta pazia la magunia. Aliweka juu ya mwanga yai la siku nne, akamwonyesha buibui, halafu akaweka la siku nane, ambalo mishipa yake ilikuwa imelijaza ganda karibu lote.

"Ukiangalia, zote ni nyekundu?" aliuliza.

"Zote ni nyekundu, mama."

"Hii ya siku nne ina damu ya kuanzia. Hii ya siku nane, ingine imeingia. Mimi na wewe hatuwezi kuona kwa macho. Lakini kama ile mpya iko na shida, shida itaanza hapa, si pale. Kifaranga alikuwa mzima kabisa mpaka hapa."

Lenah akauliza, "Unanipeleka wapi na hii maneno?"

Phelista anasema alitaka kuendelea na mayai. Angeweza kueleza mayai hadi jioni. Badala yake alijisikia akisema, "Mtoto wangu Wepukhulu alikuwa hivyo."

"Wepukhulu ni nani?"

Ndipo alipomweleza. Alisimulia vile vidole, majina matatu, jogoo aliyechinjwa na siku mbili za mwisho. Alisimulia wakiwa wamesimama, katika chumba kisichotosha watu wawili, huku mtoto akivuta nywele za mama yake. Lenah ameolewa katika boma lile miaka minne, na kaburi la mtoto huyo amelipita kila siku akienda kuteka maji bila kujua ni la nani.

"Nilimwuliza, mama, kwa nini hukuniambia?" anasema Lenah. "Miezi yote hiyo mimi nafikiri unachukia kwetu."

"Niliambiwa nisimtaje," Phelista alimjibu. "Nikazoea. Na hiyo damu, usifikiri ni ya Naitiri. Mimi ndiye nilizaa yule mtoto. Kama Wakoli ameibeba, ameitoa kwangu au kwa baba yake."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo Phelista alikuwa akiifahamu tangu shuleni. Alidhani inawahusu wanaoficha maradhi yao wenyewe. Hakufikiri kwamba inamhusu mama anayemficha mtoto aliyekwisha kuzikwa.

Lenah aliliangalia tena lile yai la siku nane. Halafu akauliza, "Twende lini?"

Walikwenda Jumatatu, wote wanne, Wakoli akiwemo, hadi hospitali moja mjini Bungoma. Phelista aliomba ruhusa, na Mohinder akasema atamulika mayai mwenyewe. Aliacha kumi na saba ya maji ndani ya mashine, jambo ambalo Phelista hajaacha kumkumbusha.

Muuguzi alipofungua pakiti ya sindano na kumtazama mtoto, Phelista alitangulia na kukunja mkono wa blauzi yake.

"Anza na mimi," alisema.

Majibu yalichukua siku tisa. Phelista ana nusu ya tatizo: amerithi kasoro kutoka kwa mzazi mmoja, anaibeba bila kuugua. Wakoli vilevile. Lenah vilevile. Mtoto hapati selimundu mpaka airithi kutoka pande zote mbili. Nakhumicha alikuwa amerithi kutoka pande zote mbili.

"Nililia hapo kwa benchi mbele ya watu," anasema Phelista. "Sikuona haya. Nilikuwa nimeomba Mungu nionekane mjinga. Nilitaka Lenah anicheke, aseme, si nilikuambia?"

Lenah hakulia hospitalini. Aliuliza maswali, akaandika majibu nyuma ya karatasi ya kliniki, akafika nyumbani, akapika. Jioni ndipo alipokuja kwenye nyumba ya mkwewe, akampakatisha mtoto.

"Mshike, mama," alisema. "Hajalala."

Muuguzi alikuwa amewaonyesha kwenye karatasi ya majibu kwamba himoglobini ya tumboni bado ilikuwapo ya kutosha kwa mtoto. Walikuwa wamefika kabla ya uchungu wa kwanza. Nakhumicha alianzishiwa dawa ya kuzuia maambukizi, asubuhi na jioni, pamoja na ya kuongeza damu, na chandarua kisichokosekana. Daktari aliwaeleza pia juu ya dawa nyingine ambayo angeanza akikaribia mwaka, na leo anaitumia. Moja ya faida zake, aliwaambia, ni kuufanya mwili uendelee kutengeneza kiasi fulani cha ile damu ya tumboni. Phelista aliomba arudie hapo mara mbili.

"Nikasema, kumbe inaweza kuitwa irudi kidogo? Akasema kidogo. Nikasema hiyo kidogo tunaichukua."

Dawa hazikuondoa kila kitu, na hakuna aliyewadanganya kwamba zitaondoa. Mtoto alipokuwa na miezi minane, Jumapili mchana, mkono wake wa kushoto ulivimba na kilio kikaanza. Boma likajaa. Shangazi mmoja mzee wa marehemu mume wa Phelista, ambaye humwita mtoto huyu mjukuu, alikaa chini, akamgeukia mtoto na kuanza kutaja majina.

Phelista alisimama pale akiyasikiliza majina. Alikuwa ni msichana wa miaka ishirini na kitu tena, anasema.

Aliyesema ni Lenah, huku akimfunga mtoto mgongoni. "Ita tu, kukhu," alimwambia bibi huyo, "lakini utaita tukiwa njiani."

Bibi kizee alinyanyuka, akachukua leso yake na kufuatana nao. Alitaja majina hadi langoni mwa hospitali. Mtoto alipewa dawa ya maumivu na maji ya mshipa, akalala wodini siku mbili, akarudi nyumbani. Shangazi anasema jina lililomnyamazisha analijua lakini atalitoa kwa wakati wake, na hakuna anayebishana naye.

Siku hizi wanawake wanaokuja kununua vifaranga kwa Mohinder, wakiwa wamebeba watoto, huondoka wamechelewa. Phelista huwavuta nyuma ya pazia mmojammoja, akawaonyesha buibui, na kabla hawajauliza lolote huanza kwa kusema kwamba alikuwa na mtoto aliyeitwa Wepukhulu. Wengine humwona ana maneno mengi. Anasema kina mama sita wamerudi kumwambia wamepima, na wanne kati yao majibu yalikuwa mazuri kabisa, wakamletea mahindi mabichi kwa furaha. Wawili waliobaki aliwasindikiza kliniki.

Anapanga kumwomba Mohinder nafasi ya meza moja upande wa duka, muuguzi awe akija siku moja kwa mwezi, siku ambayo vifaranga hutoka na akina mama hujaa. Mohinder, akiulizwa, anasema bado hajaombwa, lakini meza ameshaifuta vumbi.

Nakhumicha ana miezi kumi na minne. Ametambaa akachoka, sasa anashika kuta. Kila Jumamosi Phelista akifika Kabuchai huvua viatu, hunawa mikono, na kumkagua vidole, kimoja kimoja, vyote ishirini. Mtoto amezoea, humpa mkono mwenyewe kisha mguu.

Ukimuuliza Phelista anatumaini nini, hataji shule wala harusi. Anafikiri kwanza, akiipangusa tochi kwa upindo wa aproni.

"Mimi nataka afike miaka mitano," anasema. "Wangu hakufika minne. Sijui mtoto wa hii ugonjwa akiwa na miaka mitano anaongea aje, anapenda nini, anakataa nini. Nataka nione."